Beta mpya nyumbani: mwongozo wa wiki sita za mwanzo kwa wafugaji wa Mwanza na kandokando ya ziwa

Samaki wengi wa aina ya beta wanaokufa wiki ya kwanza hawafi kwa ugonjwa waliokuja nao. Wanauawa na klorini ya maji ya bomba, na sumu ya uchafu wao wenyewe katika tangi jipya, au na baridi ya alfajiri. Yote matatu huzuilika, lakini kazi hiyo hufanyika kabla samaki hajafika. Ukishamshika mkononi huku tangi bado kavu, umeshachelewa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na tangi, na samaki atafika katikati ya maelezo.

Jambo moja kwanza kuhusu samaki mwenyewe. Beta asili yake ni Thailand na nchi za jirani, kwenye mashamba ya mpunga, mitaro na madimbwi ya maji yaliyotulia. Kichwani, juu ya matamvua, ana kiungo cha kuvutia hewa, ndiyo maana utamwona kila baada ya muda anapanda juu kugusa uso wa maji. Kiungo hicho ndicho kinachomwezesha kusafirishwa ndani ya kikombe, na ndicho kilichowafanya watu waamini kwamba anaweza pia kuishi humo. Hewa ataipata. Lakini uchafu anaoutoa hauna pa kwenda, na kikombe hupoa haraka kuliko tangi. Beta anayekaa kwenye chupa ya mapambo mezani anavumilia tu, haishi.

Tangi lenyewe

Lita 20 ndiyo chini kabisa tunayoipendekeza. Kama matangi yaliyopo madukani ni madogo au ghali, fundi yeyote mzuri wa vioo na aluminiamu anaweza kukutengenezea. Mwagize tangi ambalo kwa ndani ni sentimita 40 kwa 25 kwa 25 kwenda juu, kioo cha milimita 5. Vipimo hivi vina faida moja kubwa: kila sentimita moja ya kina cha maji ni lita moja. Ukijaza hadi sentimita 20 una lita 20 na umebakiza nafasi ya hewa ya sentimita 5. Ukitaka kutoa lita 5, unashusha maji sentimita 5. Bandika kipande cha selotepu kwa nje kwenye alama ya 20 na ya 15, na kazi ya kukisia imekwisha.

Mwambie fundi atumie silikoni ya kawaida, si ile ya bafuni iliyoandikwa kuwa inazuia ukungu. Dawa ya ukungu iliyomo huendelea kuvuja majini na huua samaki. Tangi likishagundishwa, liache siku 3 hadi harufu ya siki iishe kabisa, kisha lijaze maji, liache siku moja nzima juu ya gazeti kavu ili uone kama linavuja, na umwage maji hayo.

Kifuniko ni lazima. Beta huruka, hasa usiku wa kwanza akiwa na hofu, na asubuhi utamkuta amekauka nyuma ya kabati. Kifuniko pia hutunza hewa yenye joto juu ya maji, hewa ile ile anayoivuta. Kioo kilichokatwa kikabakiza upenyo wa kidole kwa ajili ya nyaya kinatosha.

Mahali pa kuliweka pana uzito kuliko watu wanavyodhani. Nyumba nyingi za kwetu ni za bati, na chumba kisicho na dari huwa tanuri saa nane mchana na hupoa sana alfajiri. Chagua chumba chenye dari, ukuta wa ndani, mbali na dirisha na mlango wa nje. Jikoni hapafai kwa sababu ya moshi wa mkaa na mvuke wa mafuta. Juu ya friji hapafai kwa sababu ya mtetemo. Meza iwe imara, maana tangi hili likijaa linakaribia kilo 30.

Na hapa pana jambo ambalo wafugaji wa kandokando ya ziwa hulisahau: dawa ya mbu. Jioni zetu zina mbu na wadudu wa ziwani, na nyumba nyingi hupuliziwa dawa kila siku. Sumu zilizo katika dawa hizo ni kali mno kwa samaki, hata kiasi kidogo kinachotua juu ya maji. Pampu ya hewa ndiyo mbaya zaidi, kwa kuwa huvuta hewa ya chumbani na kuipeleka moja kwa moja ndani ya tangi. Kama ni lazima kupuliza, usipulize chumba chenye tangi. Kama huna chumba kingine, zima pampu, funika tangi lote kwa taulo lililoloweshwa, puliza, kisha fungua madirisha kwa nusu saa kabla ya kufunua na kuwasha. Udi wa mbu nao usichomwe humo. Hali kadhalika mikono: iliyopakwa losheni au dawa ya kufukuza mbu haiingii majini mpaka ioshwe kwa maji mengi.

Mchanga, mawe na mahali pa kujificha

Mchanga wa ujenzi uliochekechwa, kina cha sentimita 2, unatosha. Uoshe kwenye ndoo hadi maji yatoke meupe, bila sabuni. Mawe ya granaiti yaliyotapakaa vilimani kuanzia Isamilo hadi Bugando ni salama, hayabadilishi maji. Ukitilia shaka jiwe lolote, lidondoshee siki au ndimu. Likitoa povu lina chokaa na litafanya maji kuwa magumu, liache. Magamba ya konokono na kome wa ziwani hutoa povu hivyo hivyo, kwa hiyo yabaki ufukweni.

Beta anahitaji sehemu mbili za kujificha na sehemu moja ya kupumzikia karibu na uso wa maji, yaani jani pana lililo sentimita 4 au 5 chini ya uso. Anubiasi, mmea wa majini, inafaa sana kwani huvumilia mwanga hafifu, nayo hufungwa kwa uzi juu ya jiwe bila kufukiwa mizizi. Kama unatumia maua ya bandia, chukua ya kitambaa. Ya plastiki yapime kwa soksi nyembamba ya nailoni: pitisha soksi juu ya majani, na likiwepo linaloinasa, jani hilo litachana mapezi ya beta pia.

Mimea ya kung'oa ziwani hatuishauri. Anayeingia majini kuichuma anajiweka kwenye hatari ya kichocho, ugonjwa ulioenea kandokando ya Ziwa Victoria na unaobebwa na konokono wanaokaa hasa kwenye mimea hiyo. Nayo ikifika nyumbani huja na ruba, mayai ya konokono na vijidudu vya samaki.

Maji

Maji ya bomba ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, hutoka ziwani, huchujwa na kutiwa klorini. Ndivyo yalivyo salama kwetu na ndivyo yanavyochoma matamvua ya samaki. Njia rahisi ya kuiondoa ni muda: weka maji kwenye ndoo au beseni pana, bila kufunika kwa mfuniko, kwa saa 24 hadi 48. Kitambaa chepesi juu yake huzuia mbu kutaga. Ukiweka jiwe la hewa ndani au ukikoroga mara kadhaa, klorini hutoka haraka zaidi. Ukiwa na haraka kabisa, chemsha kwa dakika 15, acha yapoe hadi joto la chumba, kisha yamimine kutoka ndoo hadi ndoo mara kumi ili yarudishe hewa. Dawa ya kuondoa klorini ikipatikana, fuata kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake.

Maji ya simtanki juu ya paa mara nyingi klorini yake imeshapungua, lakini mchana huwa ya moto sana, kwa hiyo yachote asubuhi. Maji uliyotia vidonge vya kutibu maji ya kunywa usiyatumie bila kuyaacha yakae. Ya kisima kirefu yanaweza kuwa magumu, nayo ya mvua hayana madini ya kushikilia hali yake, tena mvua za kwanza huosha vumbi na kutu ya bati. Ukitaka ya mvua, acha mvua mbili tatu zipite, kisha changanya nusu kwa nusu na ya bomba. Maji ya kuchota ziwani moja kwa moja, hapana.

Beta hupenda pH, yaani kipimo cha asidi ya maji, ya 6.5 hadi 7.5, lakini atazoea hata 8 mradi isiyumbe. Kuyumba ndiko kunakomdhoofisha. Usihangaike na dawa za kushusha pH.

Badala yake tumia jani la mkungu. Ni ule mti wa kivuli, *Terminalia catappa*, wenye matawi yanayotoka kwa tabaka na majani mapana yanayogeuka mekundu kabla ya kudondoka. Wafugaji wa beta wa Thailand huyatumia majani haya haya. Okota yaliyodondoka yenyewe na kukauka hadi kuwa kahawia, kwenye uwanja usiopuliziwa dawa na mbali na barabara yenye moshi. Suuza, yaloweke kwa maji ya moto dakika 10, kisha weka jani moja kubwa kwa lita 20. Maji yatakuwa na rangi ya chai hafifu, na hiyo ndiyo rangi unayoitaka: hupunguza mwanga, hutuliza samaki, na huzuia kwa kiasi fangasi na baadhi ya bakteria. Badilisha jani baada ya wiki 3 au likianza kuoza. Hili ni jambo la bure kabisa, na tungependa kuliona katika kila tangi la beta mpya.

Kuliamsha tangi

Samaki hutoa amonia kupitia matamvua na kinyesi. Katika tangi lililokomaa, kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti, na kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na huondolewa unapobadilisha maji. Tangi jipya halina bakteria hao. Hukua taratibu kwenye sponji ya kichujio na juu ya mchanga, na kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6.

Kichujio kizuri kwa beta ni cha sponji kinachoendeshwa na pampu ya hewa. Hakina mkondo mkali wa kumchosha samaki mwenye mapezi marefu. Pampu ikae juu zaidi ya usawa wa maji, au bomba lake liwekewe vali ya kuzuia maji kurudi. Sababu ni kukatika kwa umeme: pampu ikizima ghafla na iko chini ya tangi, maji hurudi kupitia bomba, huingia kwenye pampu na kumwagika hadi kwenye soketi.

Ukiweza kusubiri, washa kichujio, dondosha punje 3 za chakula cha samaki kila siku zioze, na usimlete beta mpaka vipimo vionyeshe amonia 0 na nitriti 0. Ukimjua mtu mwenye tangi la miezi mingi lenye samaki wazima, mwombe akukamulie sponji yake ndani ya tangi lako, au akupe kipande cha sponji hiyo. Uchafu ule wa kahawia ndio bakteria wenyewe, na unaweza kukupunguzia wiki kadhaa za kusubiri. Ubebe ukiwa umelowa, usikauke njiani.

Wengi hawasubiri, au samaki ameshanunuliwa. Basi kazi ya bakteria utaifanya wewe kwa ndoo: toa lita 5 kati ya 20 kila baada ya siku moja, kwa wiki 4 za mwanzo. Ukiwa na vipimo, amonia au nitriti ikizidi miligramu 0.25 kwa lita, toa lita 10 siku hiyo hiyo. Maji mapya yawe na joto sawa na ya tangi na yamiminwe polepole juu ya kisahani ili yasivuruge mchanga.

Sponji ikijaa uchafu, ikamue kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini. Usiioshe bombani kamwe. Klorini itaua bakteria wote uliowasubiri, na tangi litarudi kuwa jipya huku samaki akiwa ndani.

Siku anapofika

Hapa ndipo ushauri mwingi unapokosea, kwa sababu hutoa njia moja kwa kila samaki. Zipo njia mbili, na ya kutumia inategemea ametoka wapi.

Beta aliyesafiri mbali, kwa mfano kwenye basi kutoka Dar es Salaam au Nairobi, amekaa saa nyingi ndani ya mfuko uliofungwa. Amonia imejaa humo. Lakini hewa ya kaboni anayoitoa imeyafanya maji ya mfuko kuwa na asidi kidogo, na katika hali hiyo sehemu kubwa ya amonia hubaki katika umbo lisilo kali. Dakika unapofungua mfuko, hewa ya kaboni inatoroka, pH inapanda, na amonia ile ile inageuka kuwa sumu kali. Ukianza kumzoesha taratibu kwa saa nzima ndani ya maji hayo, unamwogesha sumu. Kwa hiyo:

1. Zima taa ya tangi na punguza mwanga wa chumba.
2. Weka mfuko uliofungwa juu ya maji ya tangi kwa dakika 20 ili joto lilingane. Usiufungue.
3. Andaa kikombe laini cha plastiki na bakuli pembeni.
4. Fungua mfuko, punguza maji yake kwenye bakuli mpaka yabaki ya kumfunika samaki tu, mhamishie kwenye kikombe pamoja na maji kidogo, kisha izamishe kingo ya kikombe tangini na umwache atoke mwenyewe. Hatua hii yote isizidi dakika 3.
5. Maji ya mfuko yamwage chooni. Hayaingii tangini.

Beta uliyemnunua hapa hapa mjini akiwa kwenye kikombe au chupa ya wazi hana tatizo hilo, na yeye ndiye wa kuzoeshwa taratibu. Linganisha joto kwanza kwa dakika 20, halafu ongeza maji ya tangi kwa matone. Seti ya dripu kutoka duka la dawa, bila sindano, ndiyo kifaa bora kabisa kwa kazi hii. Ncha moja iwe tangini, nyingine kwenye chombo cha samaki kilichowekwa chini zaidi, vuta maji kwa bomba la sindano ili yaanze kutiririka, kisha rekebisha gurudumu hadi matone 3 kwa sekunde. Seti nyingi hutoa matone 20 kwa mililita moja, kwa hiyo ni mililita 9 kwa dakika, karibu nusu lita kwa dakika 55. Maji ya chombo yakishafika mara tatu ya yale ya mwanzo, mhamishe kwa kikombe. Wavu wa kawaida uache, nyuzi zake hunasa mapezi.

Katika njia zote mbili, taa ibaki imezimwa hadi kesho yake na chakula kisitolewe kwa saa 24. Watoto wataomba kumwona; waache waangalie kwa mbali, ila wasigonge kioo.

Usiku

Beta anataka nyuzi joto 24 hadi 28, na 26 ndiyo nzuri. Mchana wa Mwanza unatupa hiyo bila gharama, na ndiyo maana wengi huamini hita si ya huku. Tatizo ni alfajiri, hasa Juni hadi Agosti, ambapo hewa ya nje hushuka hadi nyuzi 16 au 17. Tangi dogo hufuata. Beta aliyepoa hasogei, hali, na kinga yake hushuka, kisha wiki moja baadaye mwenye tangi anatafuta dawa ya ugonjwa ulioletwa na baridi.

Nunua kipimajoto kabla ya kitu kingine chochote. Kisome saa kumi na mbili asubuhi na saa tisa alasiri kwa siku 3. Ikiwa tofauti haizidi nyuzi 2 na asubuhi haishuki chini ya 24, unaweza kuishi bila hita miezi mingi ya mwaka. Ikishuka zaidi, weka hita ya wati 50, uielekeze kwenye 26, na iwe imezama hadi alama yake. Ichomoe dakika 15 kabla ya kupunguza maji, kwani ikibaki wazi ikiwa ya moto hupasuka. Usiamini namba zilizoandikwa kwenye hita, amini kipimajoto.

Umeme ukikatika usiku wa baridi, funika tangi kwa blanketi pande zote na uache upenyo mdogo juu. Vipande vya povu jeupe linalofungiwa televisheni mpya, vikibandikwa nyuma na ubavuni, husaidia mwaka mzima. Joto likikaribia 22, changanya sehemu moja ya maji yaliyochemka na sehemu mbili za maji ya kawaida, jaza chupa ya lita 1.5, ifunge barabara na uiache ielee tangini. Chupa hiyo ikiwa karibu nyuzi 50 itapandisha lita 20 kwa nyuzi moja na nusu hadi mbili.  Usimimine kamwe maji ya moto moja kwa moja.

Chakula

Siku ya pili, mpe punje 2 za chakula cha beta. Akizitema, usishangae na usiongeze. Zilizobaki baada ya dakika 10 zitoe kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Wengine hukaa siku 3 au 4 bila kula na hawana tatizo lolote. Akishazoea, punje 2 au 3 asubuhi na jioni zinatosha, na siku moja kwa wiki asile kabisa. Tumbo lake ni dogo, karibu na ukubwa wa jicho lake, na chakula kinachobaki ndicho kinachozalisha amonia.

Beta ni mla nyama. Mkate, ugali na wali havimfai. Dagaa wa kusaga huchafua maji na hubeba mchanga na chumvi. Kitu kinachomwamsha beta aliyegoma kula ni viluwiluwi vya mbu. Vichote kwenye chombo safi cha maji ya mvua, si mtaroni, vichuje kwa chujio la chai, visuuze, na umpe 3 hadi 5 kwa mlo. Chombo ulichovitoa kimwage kikauke siku hiyo hiyo, maana kilichobaki humo kitakuwa mbu ndani ya siku chache.

Kumsoma samaki

Siku 3 za kwanza kujificha, rangi kupauka na mistari ya ulalo ubavuni ni kawaida. Kutanua mashavu mbele ya kioo maana yake anaiona taswira yake; bandika karatasi upande huo au punguza taa. Mapovu madogo yaliyokusanyika juu ya maji ni kiota, nacho huonyesha dume aliyekomaa. Hakithibitishi kwamba maji ni mazuri, kwa hiyo endelea kubadilisha.

Akihema kwa haraka na matamvua kuwa mekundu, shuku amonia au klorini: toa lita 10 mara moja. Mapezi yaliyobanana na kulala chini muda mrefu mara nyingi ni baridi. Soma kipimajoto kabla ya kugusa dawa. Vidoti vyeupe kama punje za chumvi ni vimelea: pandisha joto taratibu, nyuzi moja kila saa chache, hadi 30, na ulibakize hapo siku 10 hadi 14 ukiongeza hewa. Ncha za mapezi zikiwa nyeusi au kuliwa, tatizo ni maji machafu. Badilisha lita 5 kila siku kwa wiki nzima, na kama haziponi, mweke kwenye chombo cha pembeni chenye chumvi kijiko kimoja cha chai kwa lita 4, iliyoyeyushwa kwanza, isiyozidi siku 10.

Dawa za binadamu za vidonge zisitupwe tangini kwa kubahatisha. Huua bakteria wa kichujio na kukuachia matatizo mawili badala ya moja.

Wenzake, na ziwa

Madume wawili hawakai pamoja hata dakika moja. Jike na dume nao hukutanishwa kwa muda mfupi tu wa kuzaliana, kwa uangalizi. Furu wa ziwani, hata wawe wazuri vipi, ni wakali na hutaka maji tofauti. Kifaranga cha sato kitalizidi tangi ndani ya miezi michache. Beta anatosha peke yake.

Na kama umemchoka, mpe mfugaji mwingine. Asiachiwe ziwani wala mtoni, na maji ya tangi yenye konokono au vipande vya mimea yamwagwe kwenye udongo mkavu, si kwenye mfereji unaoshuka ziwani. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 aina nyingi sana za furu zilikuwa hazionekani tena. Samaki mgeni mmoja anaweza asifanye chochote, lakini magonjwa na vimelea aliovibeba hatuwezi kuvirudisha kwenye mfuko.

Baada ya wiki ya sita

Amonia na nitriti zikisoma 0 kwa wiki nzima, punguza kazi: lita 5 mara moja kwa wiki, sponji kukamuliwa mara moja kwa mwezi, jani jipya la mkungu kila wiki 3. Ukisafiri siku 2 au 3, beta mzima hahitaji mtu wa kumlisha. Ukikaa zaidi, funga punje 2 kwenye karatasi ndogo kwa kila siku, andika siku juu yake, mwachie dada wa nyumbani au jirani, na kopo lenyewe liweke kabatini. Wakarimu ndio wanaolisha kupita kiasi.